Kitenzi Kina Tabaka Ngapi?

Konda wa matatu za kutoka Eldoret kwenda Iten huuliza, "Unashukia wapi?" Abiria mwenye gunia la viazi hujibu, "Nishushie hili gunia mbele ya soko." Mazungumzo yameishia hapo na hakuna aliyeona ajabu. Lakini mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani angekuna kichwa, kwa sababu konda ametumia kitenzi kimoja na abiria kingine, na vyote viwili vimezaliwa na "shuka". Tuvifungue taratibu, tuanze chini kabisa.

Kitenzi hutaja tukio, na kila tukio lina washiriki ambao haliwezi kuwakosa. Kushuka kunahitaji mshiriki mmoja tu, yule anayeshuka. Anaposhukia kunaweza kutajwa au kuachwa. Konda anapouliza "unashukia wapi", ameongeza "-i-" baada ya mzizi, na mahali pamepata nafasi ndani ya kitenzi chenyewe. Sasa washiriki ni wawili: mtu na mahali. Abiria naye hataki kushuka peke yake, anataka gunia lishuke kwa mkono wa mwingine. Anachukua "shusha", kitenzi chenye mshushaji na kinachoshushwa. Kisha anaongeza "-i-" ileile ya konda, lakini safari hii haileti mahali, inamleta yeye mwenyewe, anayeshushiwa. Konda, gunia, abiria: watatu. Akifika nyumbani atasema "nimeshushiwa gunia", na konda atakuwa ameondoka kwenye sentensi kama alivyoondoka na gari lake.

Hivyo ndivyo kitenzi changamano kinavyoanza katika lugha yoyote. Kuna mzizi wenye tukio na washiriki wake, halafu kuna mbinu za kuongeza washiriki, kuwapunguza, kuwapanga upya, na kuambatisha habari nyingine: lini, mara ngapi, kwa uhakika gani, na nani. Lugha hutofautiana katika mbinu. Hesabu yenyewe hufanana mno, na kufanana huko ndiko ninakotaka kukuonyesha.

Vitabu vyetu vya shule huita mbinu hizi mnyambuliko na kuziorodhesha kwa majina ya kauli: ya kutendea, ya kutendesha, ya kutendana, ya kutendwa, ya kutendeka. Majina hayo hukaririwa darasani hadi yakapoteza ladha, nami naona ni afadhali mwanafunzi ahesabu watu. Kutendesha huongeza mtu juu ya tukio, yule anayelisababisha. Kutendea huongeza mtu, kitu au mahali pembeni. Kutendana huchukua wawili na kumfanya kila mmoja awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kutendwa humsukuma mtenda nyuma, ila mlango wa kumrudisha unabaki wazi: "Mlango umefunguliwa na Chebet." Kutendeka humfuta kabisa. Jaribu kusema "mlango umefunguka na Chebet" uone jinsi watu watakavyokutazama, wakijiuliza Chebet naye alikuwa amefungwa wapi.

Kwa kuwa tuko Eldoret, mji wa wakimbiaji, tukawie kidogo kwenye "kimbia". Mwanariadha anakimbia, anakimbilia utepe, anamkimbiza mwenzake. Herufi "l" iliyo katika "kimbilia" imetoka wapi, na "z" ya "kimbiza" je? Hakuna aliyeiona "l" katika "kimbia". Jibu ni kwamba ilikuwapo zamani. Kiswahili kiliiangusha "l" iliyokaa kati ya irabu mbili katika maneno mengi. Waganda bado husema "zaala" na Wazulu "zala" pale ambapo sisi tunasema "zaa", lakini hata sisi "l" hiyo huturudia tunaposema "zaliwa" na "zalia". Ni vivyo hivyo kwa "fungua" na "fungulia". Upande wa "z", tazama "lala" na "laza": "l" imesalia katika kitenzi cha kwanza, na katika cha pili imegeuka "z" kwa sababu ya kiambishi cha kale cha kutendesha kilichoigusa kisha kikamezwa. "Jaa" na "jaza", "pungua" na "punguza", "kimbia" na "kimbiza" vimepitia njia hiyohiyo. "Shuka" na "shusha" ni ndugu zao, ila kwao ni "k" iliyogeuka "sh". Kinachoonekana darasani kuwa vurugu ya viambishi ni mabaki ya sauti zilizokufa, na mwanafunzi aliyeambiwa hivyo hukariri kidogo na kuelewa zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kama viambishi vinaweza kurundikwa, je, mpangilio wake una maana?

Chukua mzizi "pig-" na viambishi viwili, "-an-" ya kutendana na "-i-" ya kutendea. Ukitanguliza "-i-" unapata "pigiana": jana ndugu hao walipigiana simu. Ukitanguliza "-an-" unapata "pigania": wazee wetu walipigania uhuru. Vipande ni vilevile na idadi ni ileile, lakini mtu aliyepigania uhuru na mtu aliyepigiana simu na shemeji yake hawakufanya kazi moja. Fuata hatua kutoka kwenye mzizi. Katika "pigiana", kwanza kuna kupiga, kisha anaongezwa wa kupigiwa, kisha wawili hao wanafanywa kubadilishana nafasi: mimi nakupigia, wewe wanipigia. Katika "pigania", kwanza watu wanapigana, kisha vita vyao vinaongezewa kitu kinachotafutwa. Kila kiambishi kinafanya kazi juu ya kile kilichokwisha kujengwa ndani yake, na hakiwezi kuruka tabaka. Asubuhi ya baridi ya Uasin Gishu mtu huvaa fulana, akafuatisha shati, sweta, kisha koti, na anayemtazama kutoka nje huliona koti kwanza. Kitenzi huvalishwa hivyo.

Mwaka 1985 Mmarekani Mark Baker aliandika makala akilipa wazo hili jina la kanuni ya kioo: mpangilio wa viambishi huakisi mpangilio wa hatua za kisarufi zilizojenga maana. Mifano mingi iliyolipa wazo hilo nguvu ni ya lugha za Kibantu, na si ajabu. Ni lugha chache zinazopanga vipande vyake wazi namna hii.

Kama kanuni ni ya akili ya binadamu, haipaswi kuishia kwa Wabantu. Tujaribu Kituruki, lugha isiyo na undugu wowote na Kiswahili. Mzizi "tanı-" ni kujua au kutambua. Ongeza "-ş-" ya kutendana: "tanış-", kufahamiana. Ongeza "-tır-" ya kutendesha: "tanıştır-", kuwafahamisha watu wawili. Ongeza "-ıl-" ya kutendwa: "tanıştırıl-". Malizia na wakati uliopita "-dı-" na nafsi "-lar": "tanıştırıldılar". Sasa weka kando yake kitenzi chetu "walikutanishwa". Mzizi ni "kut-", ule wa "nilimkuta sokoni". Kisha "-an-" ya kutendana, "kutana". Kisha "-ish-" ya kutendesha, "kutanisha". Kisha "-w-" ya kutendwa, "kutanishwa". Nje ya hapo, upande wa kushoto, unakuta wakati uliopita "-li-", na nje zaidi, nafsi "wa-". Mturuki ameweka kila kitu kulia kwa mzizi, sisi tumegawa kulia na kushoto. Lakini ukitoka kwenye mzizi kwenda nje, tabaka ni zilezile sita kwa mpangilio uleule: mzizi, kutendana, kutendesha, kutendwa, wakati, nafsi. Hakuna Mturuki aliyemfundisha Mswahili, wala Mswahili aliyemfundisha Mturuki.

Mjapani naye akitaka kusema "alilishwa" husema "tabesaserareta": "tabe" ni kula, "sase" ni kusababisha, "rare" ni kutendwa, "ta" ni wakati uliopita. Sisi tuna "a-li-l-ish-w-a". Mzizi wetu wa kula ni konsonanti moja tu, "l", na bado imebeba viambishi vyote hivyo bila kulalamika.

Hapa msomaji mwangalifu atauliza kama mambo ni safi kiasi hicho kila mahali. Si safi. Mwanaisimu Larry Hyman alionyesha mwaka 2003 kwamba lugha nyingi za Kibantu zina mazoea ya mpangilio: kutendesha, kutendea, kutendana, kutendwa, na mara nyingine mazoea hayo huishinda maana. Kichewa cha Malawi ni ushahidi mzuri, na Hyman alikuwa amekwisha kuuchunguza pamoja na Sam Mchombo. Kwa mzizi "mang-", kufunga, Wachewa wana "mangitsana", kutendesha kwanza kisha kutendana, yenye maana ya kufungishana. Neno hilohilo laweza pia kumaanisha kuwafanya watu wafungane, ambapo kioo kingedai mpangilio wa kinyume. Mpangilio huo wa kinyume upo, "manganitsa", lakini huo una maana moja tu. Kwa hiyo anayefuata mazoea anaruhusiwa kulegeza maana, na anayeyavunja lazima awe na sababu. Kiswahili chetu ni kikaidi zaidi. "Patanisha", "gombanisha", "piganisha" na "kutanisha" vyote huweka kutendana kabla ya kutendesha, kwa sababu watu lazima wagombane kwanza ndipo awepo wa kuwagombanisha. Maharusi nao hulishana keki: hapo kutendesha kumetangulia, kwa kuwa kila mmoja anamlisha mwenzake.

Katika mwaka uleule wa 1985 Joan Bybee alichapisha kitabu chenye swali pana zaidi. Alikusanya sampuli ya lugha 50 za dunia na kuuliza: viambishi vya vitenzi hukaa umbali gani kutoka kwenye mzizi? Akaona mwelekeo. Karibu kabisa hukaa vinavyobadilisha idadi ya washiriki. Vinafuata vya kutendwa, halafu vya hali ya tukio, yaani kama limekamilika, linaendelea au ni desturi. Vinafuata vya wakati, na mbali kabisa hukaa vya nafsi. Sababu aliyotoa ni rahisi na, kwa maoni yangu, nzuri: kinachogusa maana ya tukio lenyewe hukaa karibu nalo. Ukibadilisha kula kuwa kulisha, tukio limekuwa jingine. Ukibadilisha "nilikula" kuwa "ulikula", kula ni kulekule, aliyebadilika ni mlaji.

Hapo ndipo Eldoret inapopata jambo la kuuambia ulimwengu.

Katika mitaa ya mji huu, Langas au Huruma, na hata katika maofisi yake, utasikia watu wakisema "anakimbianga kila asubuhi", "tunakujanga hapa Jumapili", "mimi siendangi huko". Wakenya wengi husema hivyo, na zaidi huku bara. Walimu wa Kiswahili huipiga "-anga" kalamu nyekundu, na wana haki yao, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu na Kiswahili sanifu kina "hu-": hukimbia, huja, huenda. Lakini somo hili ni la sayansi, na sayansi haina kalamu nyekundu. Inauliza "-anga" ni nini, imetoka wapi na inakaa wapi.

Imetoka kwa majirani. Lugha nyingi za Kiluhya zina "-ang-" ya desturi au mwendelezo, na Kikuyu kina "-ag-": "nĩathiaga", yeye huenda. Mbelgiji A. E. Meeussen, alipojaribu mwaka 1967 kuijenga upya sarufi ya lugha mama ya Wabantu, aliweka ndani yake kiambishi hichohicho karibu na mwisho wa kitenzi. Kiswahili cha pwani kilikuwa kimekiacha. Huku bara, watu waliokuja na lugha zao nyumbani wamekirudisha bila kumwomba mtu ruhusa, na wanaokitumia leo ni pamoja na Wanandi na Wakeiyo ambao lugha zao si za Kibantu hata kidogo.

Inakaa wapi? Sikiliza mtu akisema "anaitwanga Kiprop". Mzizi "it-", kutendwa "-w-", kisha "-ang-", kisha irabu ya mwisho. Sikiliza "tunapigiwanga simu usiku": kutendea ndani, kutendwa nje yake, "-ang-" nje zaidi. Hakuna anayesema "anaitangwa". Halafu ukanushe: "naenda" hukanushwa "siendi", na "naendanga" hukanushwa "siendangi". Irabu ya mwisho imegeuka kutoka "a" kuwa "i" kama kawaida, ikiwa nje ya "-ang-". Maana yake ni kwamba "-anga" si kipande kilichogandishwa nyuma ya neno kwa gundi. Ni tabaka halisi, imeingia mahali pake kati ya kutendwa na kiishio, kwenye nafasi ya hali ya tukio ambayo utafiti wa lugha 50 ungetabiri. Vijana wa mjini hawajasoma kitabu cha Bybee, na wanakitii.

Niongeze kwamba "-anga" ina faida ambayo "hu-" haina. "Hukimbia" haisemi ni nani, kwa kuwa "hu-" imekalia kiti cha nafsi na cha wakati kwa pamoja. "Anakimbianga" na "tunakimbianga" zinabaki na nafsi zake. Sisemi iingizwe katika mtihani. Nasema si uvivu wa ulimi.

Majirani wenyewe, wenyeji wa nyanda hizi, wana vitenzi vinavyotufaa zaidi kwa kuwa vimejengwa na fundi mwingine. Kinandi, pamoja na Kipsigis, Kikeiyo na ndugu zake wa Kalenjin, ni lugha za Kinailoti. Sarufi yao ilianza kuchapishwa mapema: A. C. Hollis alitoa kitabu juu ya Wanandi, lugha yao na ngano zao, mwaka 1909. Baadaye Taaitta Toweett, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri wa elimu na aliyekuwa pia mwanaisimu, alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Chet na Jane Creider wakafuata na sarufi kamili ya Kinandi mwaka 1989.

Anza na neno ambalo hata mgeni wa Eldoret hulijua mapema: "achamin". Ni sentensi nzima. "A-" ni mimi, "cham" ni kupenda, "-in" ni wewe. Sisi tunasema "na-ku-pend-a". Lugha zote mbili zimembana mpenzi na mpendwa ndani ya neno moja, ila sisi tumemweka mpendwa kabla ya mzizi na Wakalenjin wamemweka baada. (Mswahili ajihadhari: "a-" yetu ni yeye, "a-" yao ni mimi. Anayetafsiri kwa kukisia anaweza kumpa jirani yake mchumba asiye wake.) Upande wa kuongeza washiriki, Kinandi huweka kisababishi mbele ya mzizi, kwa "i-", na mpokeaji nyuma yake, kwa "-chi". Kina pia viambishi vya mwelekeo ambavyo Kiswahili hakina: kimoja huonyesha tendo linakuja upande wa msemaji, kingine kwamba linaondoka kwake. Sisi kwa kazi hiyo tuna vitenzi tofauti, leta na peleka, njoo na nenda. Toni nayo hufanya kazi kubwa, hata kuonyesha nomino ipi ndiyo mtenda, na wasomaji wa Kinandi watanivumilia kwa kuandika hapa bila toni.

Wakati uliopita huwa na viambishi vitatu: "ka-" kwa tukio la leo, "ko-" kwa la jana au siku chache zilizopita, "ki-" kwa la zamani. Huu ni utajiri, mwenye "-li-" moja hana budi kuona wivu. Lakini angalia vinapokaa: vinatangulia nafsi. Kwa "mimi nilipenda, zamani", Mnandi huanza na "ki-", akafuatisha "a-", kisha mzizi. Wakati umekaa nje ya nafsi, kinyume na mwelekeo wa Bybee na kinyume na "walikutanishwa" yetu. Basi mfano unaotii na mfano unaokataa yote miwili inasikika kwenye mtaa mmoja, mara nyingi kinywani mwa mtu mmoja. Mwelekeo wa lugha 50 ni mwelekeo, si sheria kama ya mvutano wa dunia. Njia moja ambayo mpangilio kama huo unaweza kutokea ni kwa neno la pembeni, kwa mfano la kutaja wakati, kujishikiza kwenye kitenzi ambacho tayari kimeshavaa nafsi yake. Aliyechelewa kufika hukaa nje.

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba kitenzi changamano lazima kiwe neno moja refu. Si lazima. Myoruba wa Nigeria akileta kitabu husema "ó mú ìwé wá": alichukua kitabu akaja. Vitenzi viwili vimesimama wima bila kiunganishi, na pamoja vinataja tukio moja ambalo sisi tunaliita kuleta. Lugha nyingi za Afrika Magharibi na za kusini mashariki mwa Asia hufanya hivyo. Kazi ya viambishi inafanywa na vitenzi vilivyopangwa mstari.

Njia ya tatu ni ya kuitwika nomino maana na kukiachia kitenzi kazi ya kubeba sarufi. Kiajemi kimebobea hapo: vitenzi vyake vya neno moja vinavyotumika leo havizidi mia chache, na vingine vyote hujengwa kwa nomino na kitenzi chepesi. Kuzungumza ni "harf zadan", kupiga neno. Kusugua meno ni "mesvāk zadan". Kupiga simu ni "telefon zadan", na "zadan" maana yake ni kupiga, kupiga kwa mkono au fimbo. Mswahili hapo anajisikia yuko nyumbani: tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki, na wanafunzi wakisikia kengele wanapiga mbio. Wapo watakaokimbilia kusema kwamba tuliyachukua haya kwa Washirazi waliofika pwani. Kwa mswaki sitabishana. Lakini simu ilifika karne nyingi baada ya majahazi yao, na kila upande uliipiga kivyake. Lugha inayopenda vitenzi vyepesi hutafuta kitenzi kimoja cha kawaida, chenye mguso wa haraka, ikakitumikisha hadi kikasahau maana yake ya asili. Anayepiga pasi hagongi chochote.

Halafu ona uzuri huu: maana ya "piga simu" iko katika "simu", lakini viambishi vyote huenda kwa "piga". Nipigie simu, walipigiana simu, sikupigiwa simu. Nomino imekaa kama mzigo na kitenzi chepesi ndicho punda.

Kuna lugha zilizokwenda mbali kuliko sisi. Katika Kiyupik cha Alaska, neno "tuntussuqatarniksaitengqiggtuq" lina maana kwamba mtu hajasema tena kuwa atakwenda kuwinda kulungu wa nchi za barafu. Kulungu yumo ndani, kuwinda kumo, kusema kumo. Na Kiarchi cha milima ya Dagestan, Urusi, ndicho kinachotajwa zaidi kwa wingi: Aleksandr Kibrik alihesabu kwamba mzizi mmoja wa kitenzi unaweza kuzaa maumbo 1,502,839. Usitishike. Chukua Kiswahili, nafsi sita za mtenda, nafsi sita za mtendwa, na njeo tano: tayari una maumbo 180 kwa mzizi mmoja, ukiondoa machache ambayo hutumia "-ji-". Bado hujagusa ngeli za vitu, ukanushi, virejeshi, wala kauli za mnyambuliko. Namba hukua kwa kuzidisha, na mtoto wa miaka mitano wa Eldoret hamiliki orodha yoyote kichwani. Anamiliki tabaka na mpangilio wake.

Swali lililobaki ni viambishi vyenyewe hutoka wapi. Vingi vilikuwa maneno kamili. "-ta-" ya "atakuja" ni "taka" iliyokatwa, na umbo zima bado limejificha katika "atakayekuja", ambalo kila msomaji wa gazeti hulisoma bila kuona kwamba limebeba tamaa ndani yake. Wagiriki wa leo wana "tha" ya wakati ujao, iliyotoka katika "thelo", nataka. "Will" ya Waingereza nayo ilikuwa kutaka. Anayetaka kufanya jambo leo huenda atalifanya kesho, na lugha baada ya lugha zimeipita njia hiyo fupi.

Na kazi hiyo haijakwisha. "Amekwisha kufika" ilikuwa vitenzi viwili, kila kimoja na kazi yake. Ikawa "amekwisha fika", ikawa "ameshafika", na sasa kwenye stendi ya Eldoret utasikia "ashafika". "Me" imeondoka, "kwi" imeondoka, na "-sha-" imekaa peke yake baina ya nafsi na mzizi, kwenye kiti cha "-li-" na "-ta-". Umtie mtendwa, naye anaingia ndani ya "-sha-", karibu na mzizi, kama ambavyo angefanya chini ya kiambishi chochote cha wakati: "ashaniona", "nishamlipa konda".